Wakuu, mama wa miaka 70 na ushee hakuna kiatu kinachomuingia, Dar nitapata wapi kipana na chenye sapoti?

Mjukuu wa Kilwa Road

Habari za jioni wakuu, wakubwa zangu wote shikamooni.

Naenda moja kwa moja kwenye mada. Bi mkubwa wangu ana sabini na ushee, tunakaa Mbagala, mzima wa afya, hana fimbo, sokoni anaenda mwenyewe, kanisani anaenda, kwenye kikoba chao ndo mweka hazina na hakuna anayethubutu kuchelewesha rejesho. Shida ni viatu tu. Miguu imepanuka, kidole gumba cha kulia kimelala upande wa mwenzie afu pale kwenye fundo pametoka nundu, na ikishafika saa kumi jioni miguu yote miwili inajaa. Viatu vyake vya zamani haviingii hata kimoja, simpo zinamkata nyuma, za kisigino kirefu alishaziaga. Kwahiyo imebaki kandambili, msibani kandambili, mwendokasi kandambili, juzi kati mvua imenyesha kateleza kwenye vigae vya barazani bahati nzuri akadaka nguzo.

Nimezunguka nae Kariakoo, Mtaa wa Kongo mpaka Msimbazi, ukisema tu kiatu cha mtu mzima wanakutolea kile cha kitambaa kilainiii cha kutumbukiza mguu, ukiuliza kipana jibu ni moja, "chukua namba kubwa". Namba kubwa nayo mbele inabaki nafasi tele nyuma kisigino kinachomoka, mama kakataa palepale dukani kasema hiki kitaniangusha.

Bajeti yangu laki na nusu nikijikamua sana. Wenye wazazi watu wazima mnanunua wapi, mnaangalia nini, na mtumba unamfaa mtu wa umri huu au nimtafutie kipya? Kisukari hana, ana presha na anatumia dawa.

Nawasilisha.

Ngosha Mpole

Ngoja waje wataalamu, mi nakaa siti ya nyuma na karanga zangu. Nina mzee Kishapu ana tatizo hilohilo.

Chuma Chakavu

Mkuu mnawadekeza hawa wazee. Bibi yangu katembea peku maisha yake yote, babu alikuwa na katambuga za tairi jozi moja miaka na miaka na sijawahi kusikia habari za nundu wala sapoti. Haya magonjwa yameletwa na haya maduka ya Mlimani City.

Fizio wa Ilala

Chuma Chakavu kuna ukweli umeugusa, ila umeishia katikati.

Mtu aliyekulia peku vidole vyake vimetawanyika, hajawahi kuvibana, ndo maana hizo nundu za kidole gumba kwa watu wasiovaa viatu ni chache. Lakini bibi yako alikanyaga udongo, mama wa mleta mada anakanyaga vigae, zege na lami, na miguu yake imeshapita miaka mingi ndani ya viatu vyenye ncha. Huwezi kumrudisha leo peku ukategemea mguu utajinyoosha. Na hizo katambuga usizicheke, zina soli ngumu, ziko chini, pana mbele, zina mkanda nyuma. Zimeyapita mbali mavitu mengi ya laki mbili nayoyaona kliniki. Zilichokosa ni kitu cha kupokea kishindo tu.

Mleta mada, kabla hujaenda dukani tena elewa kilichotokea kwenye mguu wa mama. Kano zinazoshika mifupa ya mguu zinalegea na umri, upinde wa unyayo unashuka, mguu unakuwa mrefu zaidi na mpana zaidi. Hapohapo yale mafuta yaliyoko chini ya kisigino na chini ya vidole, ambayo ndo godoro letu la kuzaliwa nalo, yanapungua, mfupa unaanza kugonga. Kwahiyo namba aliyoolewa nayo sio namba yake leo, na wazee wengi ninaowaona wanavaa kiatu kidogo kuliko mguu wao kwasababu tu wamekariri "mimi ni 38".

Mpime upya. Umpime jioni mguu ukiwa umejaa maana kiatu kikimtosha asubuhi jioni kitakuwa adui. Asimame, sio akae, uzito wote juu ya karatasi, penseli uisimamishe wima uzungushe mguu mzima, miguu yote miwili maana hailingani, halafu unafata ule mkubwa. Pima urefu kutoka kisigino mpaka kidole kinachotokeza zaidi (kwa wengine ni cha pili sio gumba) na upana pale panapozidi. Ikate hiyo karatasi kabisa tembea nayo kwenye begi. Dukani unaweka kiatu juu ya karatasi, karatasi ikichungulia pembeni usipoteze muda wa muuzaji.

Halafu kiatu chenyewe. Mbele pawe pana na pawe na kina, yaani vidole visiguswe juu wala pembeni, na kibaki kama upana wa kidole gumba cha mkono kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu. Nyuma paminye kwa vidole viwili, pakibonyea pakalala hicho hakimshiki mtu. Kikunje, kinatakiwa kijikunje pale vidole vinapoanzia, kikijikunja katikati kirudishe. Kisha kishike mbele na nyuma ukikamue kama unakamua dekio, kikikubali kuzunguka wote hakina mgongo. Kisigino kisizidi sentimita 2 na nusu hivi, na kiwe kipana. Kiwe na kamba au mkanda wa kukaza.

Wengi wanachanganya ulaini na sapoti. Kile cha kitambaa unachokisema ukikibonyeza dukani unakipenda, ila mtu mzima akisimama juu ya sponji nene laini mguu wake haujui ardhi iko wapi, anayumba. Ulaini kidogo ndani karibu na unyayo sawa, soli ya chini iwe imara.

Na hiyo presha: kuna dawa, amlodipine ni mojawapo inayotumika sana, zinaweza kujaza miguu kwenye vifundo. ASIACHE dawa. Amwambie daktari wake siku ya kliniki, wanaweza kubadilisha au kupunguza dozi. Ila siku ukiona mguu mmoja tu umevimba ghafla na unauma, au miguu imevimba na anahema juujuu, hiyo si habari ya viatu, ni hospitali siku hiyohiyo.

Mjukuu wa Kilwa Road

Fizio Mungu akubariki aisee, hii nimeiskrinshoti naipeleka grupu la familia. Dawa anayomeza ndo hiyohiyo uliyoitaja. Jumanne ana kliniki nitaongozana nae.

Sasa wapi? Na mtumba?

Mzee wa Belo

Mkuu mi ndo kazi yangu, raba za mtumba Karume pale Ilala, niko hapo toka kabla ya ule moto wa Januari 2022, tukaungua tukarudi. Nikwambie kitu maduka ya Kariakoo hayatakuambia, kiatu kipana cha kweli kwa bajeti yako utakipata kwenye mtumba, sio dukani. Sababu ni kwamba wenye maduka wanaagiza mzigo wa upana mmoja tu, ila Marekani kiatu hichohicho kinatengenezwa kwa upana tofautitofauti na vikichakaa kidogo au mwenye nacho akifa watoto wanatoa vyote, vinapanda meli vinakuja kwetu.

Geuza ulimi wa raba usome kibandiko. New Balance na Brooks wanaandika herufi za upana. Kwa za kiume D ndo kawaida, 2E pana, 4E pana sana. Kwa za kike B ndo kawaida, D pana, 2E pana sana. Wauzaji wengi hawajui maana yake kwahiyo 4E inauzwa bei ya kawaida, tena wengine wanaishusha wanasema "hii imekaa kibwegebwege". We chukua.

Pili usihangaike na namba za Uingereza, Ulaya, Marekani, zitakuvuruga. Tafuta CM au JP kwenye hichohicho kibandiko, hiyo ni sentimita. Kama mguu wa mama una 24 na nusu anza na 25 mpaka 25 na nusu afu avae atembee.

Tatu mtumba umeshavaliwa na mguu wa mtu. Kiweke kwenye kitu bapa, chuchumaa ukiangalie kwa nyuma, kikiinama upande wowote achana nacho hata kama kinang'aa, mwenye nacho alikuwa anakanyagia upande na mama nae ataanza kukanyagia huko. Chini angalia kisigino, kikiwa kimelika upande mmoja ni hivohivo. Toa soli ya ndani, kama ina shimo la vidole vya mtu we itupe, weka mpya, ni elfu chache tu.

Nne na hii ndo inawaliza watu. Kuna soli zinamomonyoka. Unanunua kiatu kizuri kabisa kimekaa muda mrefu hakijavaliwa, siku ya pili kanisani soli inabaki vipandevipande kwenye zulia. Kuna aina ya sponji inakula unyevu wa hewa inaoza yenyewe hata ikiwa ndani ya boksi, na Dar na joto hili na unyevu huu ndo usiseme. Bonyeza kwa kucha pembeni ya soli kwa nguvu, ikiacha alama isiyorudi au ikanatanata au ikatoa ungaunga, rudisha. Ndo maana vile viatu mnavyowatunzia wazazi kabatini "vya sherehe" vinawaumbua ukumbini.

Bei usidanganywe. Raba safi ya kutembelea hapo elfu thelathini mpaka sabini, ukija asubuhi belo linapofunguliwa utachagua, ukija jioni utachagua mabaki ila bei itashuka.

Chuma Chakavu

Mzee wa Belo kwahiyo unatuuzia viatu vya marehemu 😂

Mzee wa Belo

Hata suruali uliyovaa hapo ulipo.

Bi Mstaafu Ukonga

Wanangu hamjambo. Nimesoma nikafurahi, maana kwenye haya majukwaa mnazungumziaga simu na mipira tu, leo mmetukumbuka.

Mimi nilikuwa mwalimu, kazi ya kusimama, na miguu yangu mnaisema humu kama vile mmeiona. Nimpe mwenzangu mbinu ya kina mama: aende upande wa viatu vya KIUME. Fizio na kijana wa mitumba wamekaribia kusema ila hawakusema. Hiyo D ambayo kwa mwanaume ni ya kawaida, kwa mwanamke ndiyo pana. Kwahiyo mwanamke mwenye mguu mpana akichukua ya kiume ya urefu wake anapata nafasi bila kuhangaika kutafuta herufi. Kwa namba za Kimarekani unapunguza moja na nusu, kama wewe ni 9 ya kike tafuta 7 na nusu ya kiume. Nyeusi au kahawia, gauni likishuka nani anachungulia. Mimi ya kwangu ni ya ngozi nyeusi ya kufunga kamba, nimeizoea mpaka nazimudu njia za Ukonga na mvua zake.

Halafu niseme la moyoni, inaniuma kuona tunachimbua vya wenzetu wakati ng'ombe tunao. Sisi tulivaa viatu vya Bora, kiwanda kilikuwa hapohapo Barabara ya Pugu, siku hizi Nyerere, kilikuwa cha Bata kikataifishwa. Kikaja kile cha Morogoro kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilipangwa kitoe jozi milioni 4 kwa mwaka na nyingine ziuzwe Ulaya. Hakikufika hata asilimia 5 ya hiyo, mashine zikasimama, kuta zenyewe zilijengwa bila kufikiria joto la Morogoro. Sasa hivi kuna kiwanda cha Karanga kule Moshi, cha Magereza na PSSSF, ule mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wanatengeneza vya ngozi halisi, buti na vya ofisini. Ombi langu kwao na kwa wote wanaoshona, mtutengenezee na vya upana. Nchi hii ina wastaafu wengi sana wenye vidole vilivyopinda.

Ngosha Mpole

Shikamoo mama. Mbinu ya viatu vya kiume nimeipenda. Na mzee wangu yeye nimchukulie 4E basi.

Bi Mstaafu Ukonga

Marahaba mwanangu. Mpime kwanza.

Duka la Neema Online

Habari ndugu zangu, suluhisho la kudumu lipo. Tuna soli za ndani zenye SUMAKU 12 na madini ya shaba, zinatoa sumu mwilini kupitia unyayo, zinaondoa ganzi, nundu, presha, kisukari na nguvu za... tuishie hapo. Unaweka kwenye kiatu chochote. Elfu themanini na tano tu, delivari bure Dar nzima.

Fizio wa Ilala

Hapana ndugu. Marekani walishalipima hili likachapishwa 2003, watu wenye maumivu ya kisigino wakagawanywa, wengine soli za sumaku wengine soli zinazofanana nazo ila sumaku ni feki, hawakuambiwa nani kapewa ipi. Mwisho wa siku hakukuwa na tofauti. Nundu ni mfupa umehama, sumaku haiurudishi. Na mtu mwenye ganzi ya kisukari ukimuwekea vitufe vigumu chini ya unyayo unamtafutia kidonda.

Kwa elfu themanini na tano mama anapata raba nzuri kwa Mzee wa Belo na nauli ya bajaji kurudi Mbagala inabaki.

Mzee wa Belo

Na soda.

Kijana wa Temeke

Hapo kwenye kisukari naomba niongezee maana hakuna aliyeligusa vizuri na najua wengi mnasoma huu uzi mkiwa na wazazi wenye sukari.

Baba yangu anayo miaka mingi. Siku moja karudi nyumbani anachechemea kidogo tu, anasema kiatu kimekuwa kizito, kuvua tunakuta kijimsumari kimetoboa soli kimeingia kwenye nyama na yeye hana habari, soksi imelowa damu. Ganzi ikishaingia miguuni mtu hasikii kubanwa, hasikii jiwe, hasikii moto. Kile kiatu ambacho wewe kingekuuma ungekivua, yeye anatembea nacho siku nzima.

Tangu hapo nyumbani tuna utaratibu. Kabla hajavaa anaingiza mkono ndani ya kiatu apapase, anakikung'uta. Jioni mmoja wetu anamuangalia nyayo na katikati ya vidole, akiwa peke yake anaweka kioo sakafuni. Kiatu kipya anavaa saa moja au mbili tu, anavua, tunaangalia kama kuna wekundu, kesho tena anaongeza. Peku hatembei hata chumbani. Soksi za pamba zisizo na mpira wa kubana, za rangi nyeupe au hafifu ili damu au usaha uonekane mapema.

Na jamani WEMBE. Wazee wetu wanapenda kuchonga sugu na magaga kwa wembe, na kuloweka miguu kwenye maji ya moto yenye chumvi. Mtu asiyesikia moto hajui maji yamemuunguza. Muuguzi alitufundisha kupima maji kwa kiwiko, na sugu iachiwe watu wa kliniki. Hata zile dawa za kubandika za kuyeyusha sugu zinakula na nyama nzima.

Nesi Mswahili

Kijana wa Temeke umesema yote, hongera kwa kumtunza mzee. Naongeza sehemu ya kwenda. Amana, Temeke na Mwananyamala ziko kliniki za kisukari, mwambieni mtoa huduma waziwazi "naomba nikaguliwe miguu", maana foleni ni ndefu na usiposema utapimwa sukari na presha ukaondoka na viatu vyako miguuni. Kidonda chochote kwenye mguu wa mwenye kisukari, hata kidogo kama kichwa cha kiberiti, usikae nacho nyumbani ukisubiri tarehe ya kliniki.

Wale ambao mguu umeharibika umbo kabisa hata hiyo 4E haikai, kuna karakana za viungo tiba kwenye taasisi ya mifupa MOI pale Muhimbili na hospitali ya CCBRT Msasani, mafundi wanachukua kipimo cha mguu wako wanakutengenezea soli ya ndani au kiatu chenyewe. Wengi wa mafundi hawa wamesomea TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo tiba kule hospitali ya KCMC Moshi, kipo toka 1981 na wanafunzi wanakuja mpaka kutoka nje ya nchi. Watu wanadhani pale ni pa miguu ya bandia tu. Hapana, na huyu wa nundu anaweza kwenda.

Alhaj Kigogo

Assalaam aleykum. Mimi nina la kwangu, hizo kamba mnazosifu sisi wa msikitini zinatutesa. Swala tano, kila mara kuvua na kuvaa, mgongo haukunji, ukiinama kufunga kamba pale mlangoni vijana wanakuruka. Ndo maana wazee wote pale msikitini kwetu ni ndala na makubadhi ya wazi nyuma, na yakilowana na maji ya udhu ni kuteleza tu. Mnatusaidiaje?

Fizio wa Ilala

Waleykum salaam, shikamoo Alhaj. Una njia kama mbili tatu hivi.

Kuna raba zenye mikanda ya velkro, ile ya kubandika na kubandua, badala ya kamba, New Balance 928 inakuja hivyo, na Brooks wana Addiction Walker ya velkro, zote zina upana. Kwa mtumba zinapatikana kwa kubahatisha, mwachie Mzee wa Belo oda. Ukiwa na kiatu chako cha kamba tayari, toa kamba weka za mpira zinazovutika, unafunga mara moja tu halafu siku zote unatumbukiza mguu na kinakushika bado. Na kijiko cha viatu chenye mpini mrefu ili usiiname. Usikanyage kisigino cha kiatu ukakilaza, hapo unakuwa umekigeuza ndala ya bei mbaya.

Makubadhi nayo hayana ubaya, mpelekee fundi wa barabarani aongeze mkanda wa nyuma unaopita juu ya kisigino. Mguu ukishikwa nyuma vidole haviwi na kazi ya kubana kiatu kisitoke. Hicho ndicho kinachoangusha wazee wa ndala, anaburuza mguu ili isimvuke, akikutana na kigae kilicholowa kwisha habari.

Mzee wa Belo

Alhaj za velkro nikipata nakuwekea pembeni.

Na nyie mnaopeleka viatu kwa fundi kushonwa soli kuzunguka, sawa inaongeza maisha ya kiatu, ila ule uzi unatokeza kwa ndani unakuwa kama tuta. Hakikisha soli ya ndani inarudishwa juu yake na unapapasa kwanza. Kwa mzee mwenye ganzi ndo kabisa.

Alhaj Kigogo

Marahaba fizio. Nimekuelewa kijana wa mitumba, mguu wangu ni 27 kasoro, nitakuja kupimwa.

Mjukuu wa Kilwa Road

Wakuu nimerudi na mrejesho maana uzi usiokuwa na mrejesho ni dhambi.

Kliniki daktari kasikiliza habari ya miguu kujaa kabadilisha dawa, tunaangalia. Mama nimempima jioni kama mlivyosema, kumbe mguu wa kulia umezidi wa kushoto na upana ndo balaa, karatasi nikaiweka juu ya simpo zake za zamani ikatokeza pande zote mbili, yeye mwenyewe kacheka kasema kumbe nilikuwa najifunga pingu.

Tukaenda Karume asubuhi. Nilitafuta za kike D nikakuta nzuri moja ila imeinama nyuma, nikaikumbuka sheria nikaacha japo roho iliuma. Tukaishia kwenye ya kiume kama alivyosema Mama wa Ukonga, New Balance nyeusi ya ngozi 2E, 25 na nusu, nyuma pamekaza, inakunja pale pale kwenye vidole. Elfu hamsini na tano baada ya mama kupatana mwenyewe, muuzaji alianzia tisini mpaka kaishiwa maneno.

Ubishi ulikuja nyumbani. "Mimi nivae raba kanisani? Tena ya kiume?" Dada yangu ndo kamaliza kesi kamwambia mama hiyo ni ya ngozi inapigwa kiwi, na kitenge kinafika chini. Jumapili kaivaa. Ila bado kuna vitu viwili, kwenye nundu panamgusa kidogo, na ndani ya nyumba amerudia kandambili zilezile.

Fizio wa Ilala

Safi sana. Kwenye nundu, kwanza badilisha ufungaji wa kamba. Yale matundu mawili ya mbele kabisa upande wa kidole gumba ruka usiyapitishie kamba, anza juu yake, ngozi italegea pale. Ikishindikana fundi anaingiza umbo la mguu la mbao ndani, analowanisha ngozi anaiacha itanuke pale penye nundu. Ngozi inakubali, plastiki haikubali, ndo faida ya kuchukua ya ngozi.

Ndani ya nyumba, mtafutie sendo yenye mikanda ya kukaza mbele na nyuma, soli yenye mistari ya kushika, iwe ya ndani TU haitoki nje. Ataivua akitoka, heshima ya kapeti inabaki palepale. Na lile baraza la vigae weka mkeka wa mpira.

Bi Mstaafu Ukonga

Mwambie mama namsalimu, na asikubali kuiweka kabatini kusubiri sherehe. Aivae.

Ngosha Mpole

Mzee wa Belo tupia kibanda chako kiko upande gani pale Karume, nataka nimtumie mzee Kishapu kwa basi, nina karatasi ya mguu wake kachora mdogo wangu ila sina uhakika kama alisimama.

Mzee wa Belo

Njoo PM nikuelekeze. Ila mpigie mdogo wako kwanza arudie, jioni, mzee asimame, penseli wima. Sirudishi mzigo wa mkoani.